Hakuna koti litakalokufikisha mkavu Mnazi Mmoja

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni dada wa Kimara Baruti, kazi yangu ni kaunta ya kupokea wateja, ofisi iko Mnazi Mmoja. Tangu Januari nakwenda kazini kwa baiskeli, ile ya mtumba ya Kijapani, natumia kama dakika 50. Wiki iliyopita mvua ilinikuta Manzese. Nilikuwa na koti la mvua la bei, lakini nilifika nimelowa chapachapa kuanzia kola mpaka soksi, na nguo za kazi kwenye begi la mgongoni nazo zimelowa. Nilikaa kaunta na blauzi mbichi hadi saa tano. Sasa mvua za masika ndiyo zinaanza. Ninunue koti gani? Au niiegeshe baiskeli, nirudi kwenye mwendokasi mpaka Juni?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa blauzi mbichi.

Nianze na koti kwa kuwa ndilo ulilouliza: usinunue jingine. Hilo ulilonalo wala si bovu. Hata ukiongeza hela mara tano, ukachukua koti la wapanda milima, utafika Mnazi Mmoja umelowa vilevile. Maji mengi uliyofika nayo siku ile hayakutoka mawinguni, yalitoka kwako.

Mtu akisukuma pedeli, nguvu anayoitumia mwilini haiishii yote kwenye gurudumu. Kama robo hivi ndiyo inayosogeza baiskeli, iliyobaki inageuka joto, na joto hilo lazima litafute pa kutokea. Hapa kwetu linatoka kwa jasho. Kwa mwendo wa kawaida tu, katika joto la Dar, mtu anaweza kutoa nusu lita ya jasho kwa saa, na wengine hufika lita nzima. Sasa chukua hiyo nusu lita uifungie ndani ya nailoni kwa dakika 50. Ni kama wali uliofunikwa: ukiinua mfuniko, upande wa ndani unachuruzika maji ingawa hakuna aliyeumwagia.

Wauzaji watakwambia kuna makoti yanayopumua. Yapo kweli. Mwaka 1969 Mmarekani Bob Gore aligundua kwamba plastiki ya jamii ya Teflon ukiivuta kwa ghafla inakuwa utando wenye vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita. Ndiyo asili ya Gore-Tex, na makoti mengi yaliyofuata yanatumia wazo hilohilo. Tatizo ni kwamba mvuke hauondoki kwa sababu tu kuna tundu. Unaondoka pale ambapo hewa ya nje ina mvuke mchache kuliko ya ndani. Uholanzi mwezi wa tatu, nje kuna nyuzi 7 na hewa ya baridi isiyobeba mvuke mwingi, kwa hiyo jasho linasukumwa nje vizuri na mwenye koti anafika amekauka. Dar mwezi wa nne, mvua inanyesha, nje ni nyuzi 25 na hewa imeshiba maji. Jasho lako halina pa kwenda. Koti limetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine, na ukilinunua hapa unalipia kazi ambayo haliwezi kuifanya.

Halafu mengi tunayoyapata soko la mitumba la Karume yameshatumika huko yalikotoka. Lile tabaka la juu linalofanya matone yateleze limekwisha, na utepe wa ndani unaoziba mishono umebanduka. Ukitaka kununua hata hivyo, ligeuze ndani-nje kabla hujatoa hela, pitisha kidole kwenye mishono ya mabega. Utepe ukibanduka kwa ukucha, lirudishe kwenye rundo.

Koti zito la mpira wanalovaa bodaboda, lile lenye suruali yake, linawafaa bodaboda. Mwenzako amekaa, injini ndiyo inayofanya kazi. Kwenye baiskeli injini ni wewe. Poncho kidogo ni afadhali: unalivalia kichwani, linafunika mikono na usukani, na hewa inapita kwa chini. Kwa baiskeli yako ya kukaa wima, na kwa mwendo wa taratibu, linafaa siku za manyunyu. Ila kusi nayo huanza kuvuma humohumo katikati ya masika, na upepo ukilipata poncho linavimba na kukuyumbisha kuelekea kwenye magari. Manyunyu sawa, mvua ya upepo hapana.

Kwa hiyo tubadili swali. Usisumbuke utafikaje wewe mkavu, sumbuka nguo zako za kazi zitafikaje kavu. Ngozi ikilowa unaifuta, dakika mbili imekauka. Blauzi ndiyo haikauki, na blauzi ndiyo anayoiona mteja.

Njiani vaa kitu ambacho kikilowa hujali. Jezi ya mpira ndiyo vazi zuri kuliko yote kwa kazi hii, kwa sababu poliesta hainyonyi maji: unaikamua, unaitundika penye hewa, ikifika adhuhuri imekauka. Simba au Yanga, hapo siingii. Chini vaa suruali nyepesi ya mazoezi. Ukipenda kujistiri, jezi ndefu ya mikono mirefu na suruali vinatosha. Usivae sketi pana wala baibui ukiendesha kwenye mvua, maana kitambaa kilicholowa kinaning'inia na spoku zinakitafuta. Jinzi iache nyumbani kabisa. Inanyonya maji, inakuwa nzito, na kabla hujafika Ubungo mshono wake umeshakuchubua mapaja.

Najua nyumbani watasema utapata mafua, au nimonia. Mafua yanaletwa na virusi ambavyo watu wanaambukizana, na ni rahisi zaidi kuvipata kwenye basi lililojaa na madirisha yamefungwa. Mvua yetu ya nyuzi 24 haina baridi ya kumdhuru mtu mzima mwenye afya aliye kwenye mwendo. Baridi utaisikia ukisimama, au kwenye ule mteremko wa kutoka Kimara kwenda Ubungo alfajiri. Kwa hapo kizibao chepesi cha upepo kinatosha; ukifika Shekilango utakuwa umeshakivua.

Sasa begi, na hapa ndipo ningeweka hela yako.

Begi la mgongoni lina ubaya wa aina mbili. Kwanza zipu. Hata likiandikwa kwamba halipitishi maji, zipu ya kawaida ni mstari wa vitundu, mvua ya dakika kumi inapita. Pili, linakaa mahali panapotoka jasho kuliko popote mwilini, kwa hiyo nguo zinalowa kutoka nje na kutoka ndani. Hamishia mzigo kwenye keria. Baiskeli yako ina keria imara nyuma na kapu mbele. Kapu ni la mboga na mwavuli, nguo za kazi usiziweke humo.

Tafuta fundi anayeshona maturubai ya malori. Hutamkosa penye gereji za magari makubwa. Mwambie akushonee mfuko wa turubai la plastiki zito, upana sentimita 35, urefu 70, hauna zipu, hauna mfuniko, mdomo wazi tu. Atakushangaa kwa urefu huo, atasema ni upotevu wa turubai, na atataka kukupunguzia. Usikubali. Urefu ndio unaozuia maji: unaweka nguo nusu ya chini, nusu ya juu unaibana bapa na kuikunja mara tatu, halafu unaifunga kwa mpira wa tyubu kuizungushia keria. Maji yakitaka kuingia inabidi yapande na kushuka kwenye kila mkunjo, na maji hayajui kupanda. Kama fundi ana mashine ya kuunganisha turubai kwa moto, afadhali aitumie hiyo kuliko sindano, kwa sababu kila tundu la sindano ni tundu. Kama hana, ashone, kisha apake gundi juu ya mshono kwa ndani na kwa nje.

Ndani ya turubai weka mfuko wa pili. Rambo zilikwisha serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, na hata zilipokuwepo zilikuwa zinachanika zikiguswa na kisigino cha kiatu. Kuna kitu kizuri zaidi kwa mwenye duka la jumla mtaani kwako. Salfeti la sukari la kilo 50 huwa na mfuko wa nailoni kwa ndani, mzito, mpana, safi. Akishapima sukari yake, mfuko ule mara nyingi hana kazi nao. Muombe, uoshe utelezi wa sukari kwa maji ya moto, la sivyo sisimizi watakusindikiza mpaka ofisini.

Kabla hujauamini mfuko, upime. Weka gazeti ndani, kunja kama nilivyosema, uweke bafuni na uumwagie ndoo nzima ya maji, juu na pembeni, uuache dakika kumi. Fungua. Gazeti likiwa na doa hata moja, chungulia kwenye mwanga utafute tundu.

Taulo usibebe. Linakula nafasi na likilowa linashinda hivyohivyo mpaka kesho. Beba doti ya kanga. Kipande kimoja kivingirishe pamoja na nguo za kazi, kuvingirisha kunapunguza mikunjo kuliko kukunja, na kipande cha pili ndicho cha kujifutia. Kanga nyepesi inafuta mwili mzima, unaikamua, unaitundika, saa nane imekauka. Tena ndiyo utakayojifunga ukibadilisha nguo kwenye choo cha ofisi ambacho komeo lake halifungi.

Hata hivyo nguo salama zaidi ni ile ambayo hukuibeba siku ya mvua. Siku ikiwa kavu peleka ofisini nguo za siku mbili tatu, sabuni, na viatu vya kazi, vikae hukohuko. Viatu hasa. Viatu vya ngozi havina sababu ya kuiona Barabara ya Morogoro mwezi wa nne.

Kuna maji mengine ambayo watu huyasahau kwa kuwa wanatazama juu. Yanatoka chini, kwenye tairi lako mwenyewe, na yana mchanga, oili ya magari na kila kilichokuwa mtaroni. Mvua inakulowesha tu, haya yanakuchafua. Bahati nzuri baiskeli za Kijapani zinakuja na madigadi kamili. Angalia la mbele: mara nyingi limekatika au ni fupi, na hilo ndilo linalorushia tope miguu yako na cheni. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya lori, upana wa kiganja, kitoboe matundu mawili, kifunge kwa skrubu kwenye ncha ya chini ya digadi, kining'inie mpaka vibaki vidole vinne kufika ardhini. Mpira unapindika ukigonga tuta, plastiki ya kidumu inavunjika. Ni kazi ya nusu saa na hata bila fundi unaifanya. Katika vyote nilivyoandika hapa hakuna kilicho rahisi hivyo kinachosaidia hivyo.

Nywele hukuuliza, lakini dada wa kaunta lazima anajiuliza. Helmeti ina matundu ya hewa, na mvua inapitia humo humo. Nunua kofia ya plastiki ya kuogea, ivalishe juu ya helmeti yenyewe, si chini yake; ukiivalia chini kichwa kitachemka na nywele zitalowa jasho. Utaonekana kituko mpaka Magomeni, lakini nywele zitafika. Ukivaa miwani, vaa kepu yenye ukingo mwembamba chini ya helmeti ili matone yasipige kwenye vioo.

Miguu ndiyo inayonipa wasiwasi kuliko nywele. Wengi wanavaa gambuti. Gambuti mvua inaingia kwa juu ikiteremkia suruali, halafu haitoki, na unasukuma pedeli ukiwa na lita za maji mguuni. Vaa viatu vya wazi vinavyopitisha maji, yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au sandozi zenye kamba. Ndala hapana, inateleza kwenye pedeli ya plastiki na siku moja itabaki Manzese. Kiatu cha wazi kina sharti lake, lakini: maji ya barabarani Dar baada ya mvua kubwa yamechanganyika na ya vyoo na mikojo ya panya. Julai 2022 serikali ilitangaza mlipuko wa homa ya mgunda huko Ruangwa, mkoani Lindi, na ugonjwa huo hupitia hasa kwenye maji na udongo wenye mkojo wa wanyama, vimelea vikiingia kwenye mchubuko. Kwa hiyo ukiwa na kidonda au malengelenge mguuni, kifunike kwa plasta isiyopitisha maji au siku hiyo panda basi. Ukifika, miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni, ikaushwe mpaka katikati ya vidole, kabla hujavaa soksi. Fangasi nao wanapenda masika.

Kuhusu baiskeli yenyewe, jambo linaloua ni breki, mengine ni usumbufu tu.

Chukua sumaku, hata ya spika mbovu, uiguse kwenye rimu ya mbele. Ikinata, rimu yako ni ya chuma. Isiponata, uwezekano mkubwa ni alumini, ingawa kuna aina za chuma kisichoshika kutu ambazo sumaku haizishiki. Hizo hung'aa kama kioo na ni nzito. Rimu ya chuma ikilowa, raba ya breki inateleza juu yake kwa mizunguko kadhaa kabla haijaanza kushika, na mizunguko hiyo katika mteremko wa Kimara ni mita nyingi. Alumini inashika mapema zaidi. Rimu yoyote uliyo nayo, dawa ni kuanza mapema: gusa breki kidogo kidogo ili raba ifute maji, ndipo ubane. Fanya hivyo kila unapokaribia makutano, hata kama huna haja ya kusimama. Breki yako ya nyuma huenda ni ile ya kijingoma kidogo upande wa kushoto wa gurudumu, ndani yake mna mkanda. Hiyo haigusi rimu, kwa hiyo mvua haiisumbui sana, ila inapiga kelele. Akitokea fundi akasema atakuwekea tone la mafuta inyamaze, mkataze. Itanyamaza kweli, na haitashika tena.

Raba zikaguliwe sasa. Zikiwa zimekauka na kung'aa, au zimenasa vipande vya mchanga na chuma, badilisha. Tairi punguza upepo kidogo, kidole gumba kibonyee kwa shida bado, usiache likawa laini mno kwa sababu mashimo yatapiga rimu. Na utarajie pancha zaidi kuliko Januari: maji huleta vipande vya chupa barabarani, na hulainisha njia ya kipande hicho kuingia kwenye mpira.

Dakika za mwanzo za mvua ndizo zenye utelezi mbaya, hasa baada ya siku nyingi za jua, kwa kuwa oili iliyotapakaa inaelea kabla haijasafishwa. Mistari myeupe ya barabara, vyuma vya mifuniko ya chemba na vigae vya mbele ya maduka ni vya kuvipita ukiwa wima, bila kukata kona na bila kubana breki. Njia ya baiskeli pembeni ya Barabara ya Morogoro itumie pale inapotumika. Unajua mwenyewe kwamba bodaboda na meza za biashara wameizoea kuliko sisi. Kwenye mvua kinachokupasa zaidi ni kutopita juu ya dimbwi usiloona chini yake. Mfuniko wa chemba ukiibwa, dimbwi linaziba shimo na juu panaonekana maji ya kawaida. Pita pale ambapo gari la mbele yako limepita na hukuliona likizama.

Jangwani ni suala la peke yake. Bonde la Msimbazi likijaa, polisi hufunga barabara, na wasipowahi kuifunga watu huvuka kwa kushikana mikono. Wewe usivuke. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi zinatosha kumwondoa mtu mzima miguuni, na baiskeli unayoiburuza inakamatwa na maji kabla yako. Ukisikia Jangwani pamejaa, kata Magomeni kwa Barabara ya Kawawa kuelekea Kinondoni, utokee Ali Hassan Mwinyi, uvuke Salenda au Daraja la Tanzanite. Ni mzunguko mrefu na utachelewa, kwa hiyo piga simu kazini ukiwa bado Magomeni.

Na kabla hujatoka nyumbani, soma Mamlaka ya Hali ya Hewa wanasema nini. Wao hutoa utabiri kila siku na, mvua ikiwa ya hatari, hutoa angalizo au tahadhari kwa mikoa kwa majina. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaisogelea pwani yetu, tahadhari zilitangulia. Siku ya aina hiyo baiskeli inabaki ndani na hakuna mjadala. Siku ya radi pia: ukiona mwanga na ngurumo ikafuata kabla hujahesabu thelathini, ingia kwenye jengo, si chini ya mwembe. Lakini siku nyingi za masika haziko hivyo. Mvua inashuka kwa nguvu, inapungua, inatulia. Ukitoka nyumbani nusu saa mapema kuliko kawaida, unakuwa na nusu saa ya kujibanza kibandani Manzese ukinywa kahawa wakati ile kali inapita, halafu unamalizia kwenye rasharasha. Huyo anayenyeshewa kwa dakika 50 mara nyingi ni aliyekuwa amechelewa.

Ofisini fika dakika 20 kabla ya saa ya kazi, na usibadilishe nguo mara tu unapofika. Hili ndilo wengi wanalikosa. Mwili bado una joto, unaendelea kutoa jasho kwa dakika kumi nzima baada ya kusimama, na blauzi kavu utakayoivaa haraka italowa kutoka ndani. Vua jezi, jifute kwa kanga, kaa penye feni, kunywa maji. Kama kuna ndoo na kopo, jimwagie maji ya baridi kidogo kwenye viwiko, shingo na miguu, mwili unatulia mapema. Jasho likikoma, ndipo uvae. Ongea na mlinzi au dada wa usafi upate kamba ya kutundika jezi mahali ambapo bosi hapiti. Usiwafanyie kwa siri, wao ndio watakaokuanulia ukiwa kaunta.

Baiskeli iegeshe chini ya paa, na tandiko lifunike. Sponji ya tandiko la Kijapani ikipata mpasuko inanyonya maji kama nini, halafu unaikalia jioni. Kofia ya kuogea ya pili inatosha. Hilo koti lako la bei pia linafaa kwa kazi hiyo, na siku ukipanda bodaboda utalivaa.

Jioni mambo ni mepesi, kwa sababu nyumbani hakuna mteja anayekusubiri. Vaa jezi ileile ya asubuhi hata kama haijakauka vizuri, nguo za kazi ziache kabatini, na urudi na mfuko mtupu. Kitu kimoja tu kinazidi asubuhi: giza. Mvua ikinyesha saa moja jioni dereva anakuona kupitia kioo chenye matone na taa za wenzake zinazommulika. Dainamo ya mbele iwake, na nyuma funga taa nyekundu ya betri, kwa sababu dainamo nyingi za mtumba haziwashi taa ya nyuma kabisa.

Ukifika, kabla ya kuoga, ipe baiskeli dakika tano. Futa cheni kwa kitambaa kikavu, iache kidogo, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pini ukizungusha pedeli kinyumenyume, na ufute tena yaliyobaki nje. Wanaotumia oili chafu ya injini wanapata cheni nyeusi inayokamata kila mchanga wa Kimara. Mafuta ya cherehani ni mepesi na mvua moja inayaosha, kwa hiyo kila ukinyeshewa unarudia. Mfuko wa turubai ukunjue, uugeuze ndani-nje, uutundike. Ukiuacha umekunjwa usiku kucha, asubuhi kanga zitanuka ukungu.

Kuhusu kurudi kwenye mwendokasi mpaka Juni: siku za tahadhari ya mvua kubwa, siku za radi, na siku una kidonda mguuni, panda basi bila kujisikia vibaya. Siku nyingine zote za masika, tandika baiskeli uende.